Bega la Kushoto la Bhairi

"Hapa," alisema Bwana Sabnis, akielekeza mwavuli wake kwenye ukungu, "ndipo ndovu wa mfalme walipokuwa wakifungwa."

Atmaram Ghag alitazama. Hakuona ndovu wala mahali pa kumfungia ndovu, na kwa kweli hata ncha ya mwavuli ilikuwa imekwisha kumezwa. Mvua ya masika huko kwenye ngome za milima ya Sahyadri hainyeshi mara moja ikaridhika. Inashuka kutoka juu, kisha upepo wa bondeni unaipandisha tena, hivyo mtu analowa utosi kwanza na baadaye analowa chini ya kidevu. Atmaram alikuwa amebeba chupa ya chai, kiti cha kukunja, na kamera ambayo haikuwa na kitu cha kupiga. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari. Lakini Bwana Sabnis alikuwa amestaafu ukubwa katika idara ya maji, na mtu aliyezoea kufuatwa na wasaidizi hawezi kupanda ngome peke yake.

"Naona, Bwana," alisema Atmaram.

"Unaona nini?"

"Ndovu."

Bwana Sabnis aliridhika, wakaendelea kupanda.

Siku nyingine Atmaram asingejali. Miaka mingi alikuwa amewapeleka watu wa mji wa Pune kuangalia ukungu, na aliwapenda, maana watu walioloweshwa na mvua hawana maneno mengi njiani kurudi. Leo lakini roho yake ilikuwa juu juu. Kabla taa ya jioni haijawashwa ilimpasa awe amefika kijijini kwao Karambe, pwani, asimame mbele ya Bhairi, mungu wa kijiji, aulize swali moja: amwoe Indumati, au asimwoe? Kesho mtoto wa kiume wa Indumati angefika kutoka Mumbai kumchukua mama yake akalee wajukuu. Keshokutwa ungeingia mwezi mtukufu wa Shravan, wa kufunga nyama na samaki, ambamo Bhairi hajibu mambo ya ndoa hata umlilie. Ni leo au basi.

Kwetu Karambe jambo kubwa haliamuliwi na wenye jambo. Unakwenda kwa Bhairi na matumba mawili ya maua. Mhudumu wa hekalu anayachovya majini, anayabandika kwenye jiwe la mungu, moja bega la kulia na jingine bega la kushoto, kisha anakuombea kwa sauti huku watu wakiitikia. Halafu mnakaa mnatazama. La kulia likitangulia kuanguka, Bhairi amekubali. La kushoto likitangulia, nenda nyumbani ukale wali wako. Watu wamechimba visima hivyo, wamekwenda mahakamani hivyo, na mjomba wangu mmoja alikatwa kidole cha mguu hivyo.

Atmaram alikuwa amekwisha kuuliza mara mbili. Mara ya kwanza lilianguka la kushoto, naye akasema ni mbuzi aliyepita mbio mlangoni akatikisa hewa. Mara ya pili likaanguka la kushoto, akasema ni feni. Feni kweli ilikuwa ikizunguka, lakini mbuzi wake hatukumwona. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, na baada ya hapo mtu akiuliza tena anahesabiwa msumbufu.

Msije mkadhani Indumati hakumtaka. Alikuwa mjane mwenye mkahawa wa mabati karibu na ufuko, na Atmaram, mjane mwenzake, alikuwa akimletea abiria wake wote, wapende samaki wasipende. Siku moja, Indumati akiwa juu ya mbuzi anakuna nazi, Atmaram alisafisha koo akamuuliza anaonaje wakiwa wanakula pamoja kila siku. Indumati hakuinua macho. "Kamuulize Bhairi," alisema. "Nikiolewa kwa hiari yangu, kijiji hiki kitanitafuna hadi mifupa. Akikubali Bhairi, atakayenicheka nitamwambia akabishane na jiwe." Tangu hapo hakuongeza neno, ila vipande vya samaki kwenye sahani ya Atmaram vilianza kunenepa.

Safari hii Atmaram alikuwa amejipanga. Akiwa kwenye foleni za Pune, mguu kwenye breki, alikuwa ametafakari mambo ya mabega ya Bhairi kwa undani ambao hakuwahi kuutumia kwa kitu kingine chochote, akafikia hitimisho kwamba kizito huanguka kabla ya chepesi. Basi alfajiri ile alipita sokoni akanunua matumba ya asumini, akachagua na kuchagua hadi mwenye maua akamnunia. Alipata moja nene kama kidole gumba cha mtoto, na jingine jembamba, nyonge, lisilo na matumaini. Aliyachanganya na mengine ili yasigundulike, akayafunika kwa kitambaa kibichi ndani ya mkebe wa chakula, na mkebe akauweka mbele kwenye gari, pale alipoweza kuutazama. Moyoni alijiambia kwamba huo si udanganyifu. Alikuwa anamrahisishia Bhairi kazi.

Waliposhuka kutoka kwenye ngome, magoti ya Bwana Sabnis yakicheza yenyewe, walimkuta mkewe, Bi Nalini, ameketi garini anang'aa. Yeye alikuwa amekataa kutoka. Alisema amekuja kuona bahari na kula samaki kabla Shravan haijamfunga mdomo, na kwamba mawe yaliyolowa anayo ya kutosha uani kwake. Gari zima lilinuka kafuri, kwa maana alikuwa amejisugua magoti kwa dawa yake, ile nzito ya kunata anayoipika mwenyewe. Juu ya kisogo chake palikuwa na shada jipya la asumini.

Atmaram alisimama na mlango wazi, mvua ikiingia.

"Kaka Atmaram, maua yako yalikuwa yananyauka humo ndani," alisema Bi Nalini kwa upole. "Nimeona dhambi. Nina uzi na sindano kila mara kwenye mkoba."

Angemwambia nini? Ua likishaingia kichwani mwa mtu halimfai tena mungu yeyote, kila mtoto anajua. Na kumwomba mke ayavue maua yake wakati mumewe yu hai, tena amesimama hapo hapo anakamua soksi, ni kumtakia ujane. Atmaram alisema yamempendeza, na alisema kweli, maana yalimpendeza.

"Lakini nikafikiri, mwanamume hatembei na maua bure, lazima anampelekea Mungu," Bi Nalini aliendelea. "Nimekubakishia mawili. Hili zuri hili nililikamata muda mrefu, nikasema hapana, Nalini, hili si lako. Wala sikulinusa."

Atmaram alifungua mkebe. Tumba nene lilikuwamo, limelala juu ya kitambaa, na kando yake lile jembamba, nyonge kuliko alfajiri. Karibu amwinamie mama wa watu amshike miguu. Aliufunga mkebe, akawasha gari, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliimba.

Aliimba mpaka njia panda. Hapo Bwana Sabnis alikumbuka ngome ya Janjira, ile iliyo katikati ya maji, waliyoitawala Wahabeshi na haikuwahi kutekwa na mtu. Alitaka wapinde kaskazini. Atmaram alimwambia kwa adabu kwamba masika mashua haziendi huko. Bwana Sabnis alisema hatahitaji mashua, ataitazama akiwa nchi kavu. Bi Nalini alimuuliza ataitazamaje na ukungu huu, naye akajibu kwamba ngome ni jambo la moyo. Hapo ndipo wale wawili walipoanza, na walikuwa wazoefu: kila mmoja alijua mwenzake atasema nini, akawa analijibu kabla halijasemwa. Walifika hadi kwenye fungate yao, ambayo inaonekana nayo ilifanyikia kwenye ngome.

Atmaram aliona jua, au mahali ambapo jua lilipaswa kuwa, likishuka. Akapiga moyo konde.

"Karambe kuna mama mmoja," alisema, akiangalia barabara, "anapika dagaa kamba wakavu kwa nazi na kokamu, lile tunda chachu la kwetu. Akifunga leo, hafungui tena. Kesho anahamia Mumbai."

Bi Nalini alisogea mbele hadi ukingo wa kiti.

"Anafunga saa ngapi?" aliuliza Bi Nalini.

"Taa zikiwashwa."

"Kunja kushoto," alisema Bi Nalini, na ngome ya Wahabeshi, ambayo haikuwahi kushindwa na jeshi lolote, ikashindwa jioni ile na dagaa kamba.

Barabara ya kuteremka pwani ilikuwa imejaa vijana wa mjini waliosimamisha magari wacheze chini ya maporomoko. Atmaram alipiga honi, wakampungia mkono. Alipiga tena, mmoja akaja kumwalika. Baada yao lilikuja kundi la nyati wa maziwa, wakitembea katikati ya lami kwa mwendo wa maharusi. Ndimu na pilipili alizozifunga mbele ya gari kuzuia husuda zilikuwa zimebaki uzi tu. Atmaram aliendesha akiwa ameng'ang'ania usukani, na kila baada ya kona alipeleka mkono kwenye mkebe kuhakikisha upo.

Walifika Karambe bado kuna mwanga. Mkahawa wa mabati ulikuwa wazi, sufuria ya wali juu ya moto, na hakuna mtu. Bwana Sabnis na mkewe walishuka wakitazama huku na huko. Atmaram hakuwa na muda wa kubuni uongo, akawaambia ukweli kwa sentensi mbili, huku akivua viatu. Bi Nalini aliweka mkono kifuani. Kisha akamshika mumewe kiwiko akamwambia waende, na Bwana Sabnis, ambaye hakuwa ameelewa vizuri, akauliza kama hekalu ni la kale.

Hekalu letu si la kale vya kutosha kuvutia watu kama yeye, lakini lilikuwa limejaa. Watu walisema wamekimbilia mvua. Mvua ilikuwa imenyesha tangu wiki ya tatu ya Juni na hakuna aliyeikimbia hadi siku hiyo. Mbele alisimama Bhiva, mhudumu wa hekalu, kifua wazi, ameshika mwavuli mpya mweusi juu ya kichwa cha Bhairi, kwa sababu paa linavuja hapo hapo. Mwavuli ule aliuleta Atmaram safari iliyopita, kama zawadi isiyo na maana yoyote. Bhiva ni binamu wa marehemu mume wa Indumati, na alikuwa ameupokea kwa uso wa mtu anayepokea kitu kisicho na maana yoyote. Feni ilikuwa imezimwa, na mlangoni mtu alikuwa amewekwa kuzuia mbuzi. Tulitaka safari hii asipate pa kusingizia.

Indumati alikuwa amekaa upande wa wanawake, karibu na kizingiti cha chumba cha mungu, mikono imefumbatwa, mwiko bado mkononi. Hakumtazama Atmaram. Alimtazama Bi Nalini, akatazama maua yake, akasogea kumpa nafasi.

Bhiva alipokea mkebe. Alitoa matumba, akayaleta karibu na uso wake, macho yakamfumba kwa raha. "Kafuri ya ibada," alisema kwa watu. "Huyu safari hii amekuja na heshima." Atmaram hakuelewa, akafurahi tu. Aliona tumba nene likichovywa na kubandikwa bega la kulia, na lile nyonge bega la kushoto, kama alivyokuwa akiomba moyoni. Bhiva akamkabidhi mtu mwavuli, akajaza kifua pumzi.

"Ewe Bhairi Maharaja!"

"Naam, Maharaja!" tuliitikia.

"Huyu mtoto wako Atmaram, wa ukoo wa Ghag, anayewabeba wenye fedha huko na huko na mwenyewe hafiki popote."

"Naam, Maharaja!"

"Amekuja mara ya tatu. Ametoka milimani na matope yake. Hakumleta mbuzi."

"Naam, Maharaja!" Safari hii sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Bi Nalini. Bwana Sabnis alimtazama kwa mshangao, maana nyumbani hakumzoea kuitikia.

"Anamtaka Indumati, mjane wa ndugu yangu, awe mkewe. Kama ni heri, tupe la kulia. Kama si heri, tupe la kushoto. Na kama kuna aliyekosea neno, msamehe, sisi ni watoto wako."

"Naam, Maharaja!"

Tukakaa.

Kiangazi Bhairi anajibu kabla hujakaa vizuri, jiwe limekauka na hewa ni kavu. Masika ni shughuli nyingine. Maji yalikuwa yakitiririka juu ya jiwe yenyewe, hata chini ya mwavuli, matumba yamejibandika, hakuna lililosogea. Mtu alikohoa, akatazamwa vibaya. Bwana Sabnis, ambaye ngome ilikuwa imemwachia mafua, alipandisha pua juu, akafumba macho, akafungua mdomo, na watu watano wakamrukia kumziba. Alipiga chafya ndani ya viganja vya wenyeji, kwa heshima zote. Matumba hayakutikisika.

Ndipo Atmaram aliposikia harufu. Kafuri ilimjia kutoka kwa Bhairi, na kafuri hiyo hiyo ilimjia kutoka kwa Bi Nalini, kwenye magoti yake. Alielewa yote kwa mpigo, mpaka masikio yakamwaka. Dawa ya kunata, vidole vyenye dawa, na "hili zuri hili nililikamata muda mrefu." Tumba lake nene lilikuwa limegandishwa bega la kulia, na lingekaa hapo hadi sikukuu ya Divali. Lile jembamba, ambalo hakuna aliyetaka kulishika, lilikuwa safi kama lilivyozaliwa.

Angesimama aseme? Aseme nini, kwamba alipanga kumdanganya Bhairi na Bhairi akamwahi? Alikaa. Alifikiria chumba chake cha Pune, madereva wenzake wawili, na jiko lao linalounguza hata maji. Alimtazama Indumati shingo, pale kitambaa cha sari kilipoishia, kwa kuwa uso alikuwa ameugeuzia jiwe. Alihisi huzuni ikimpanda bila hila yoyote, huzuni ya mtu mzima, na hakuwa na pa kuipeleka.

Tumba la kushoto lilitikisika.

Wote tuliliona. Liliinama kidogo, likasita, likateleza upana wa punje ya wali. Bhiva alishusha pumzi kwa pua. Mtu mmoja nyuma alinong'ona kwamba basi, ndiyo hiyo, mara tatu. Likateleza tena. Lilikuwa linaning'inia kwa ncha.

Indumati akainuka. Alivuka kizingiti, ambacho mwanamke hakuwahi kukivuka tangu hekalu lijengwe, mwiko mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili akalirudisha tumba la kushoto mahali pake kwenye bega la mungu. Akalishikilia hapo.

Yule aliyeshika mwavuli aliuacha ukainama, mvua ikamwagika juu ya wote wawili, mungu na mwanamke.

"Shemeji," alisema Bhiva. "Shemeji, unamzuia Bhairi."

"Simzuii," alisema Indumati. "Namshikia tu. Hajaharakishwa na mtu."

Bhiva aliangalia watu. Watu tuliangalia miguu yetu. Katika maombi yote ambayo baba yake alimfundisha, na babu yake akamfundisha baba yake, hapakuwa na neno hata moja la hali kama ile. Indumati alisimama wima, maji yakimtiririka usoni, kidole kwenye bega la kushoto, anatazama lile la kulia kama anavyotazama maziwa yanayokaribia kuchemka. Alikuwa ameogopa midomo ya kijiji miaka yote, na sasa kijiji kizima kilikuwa hapo kinamwona, naye hakugeuka hata mara moja.

Bi Nalini ndiye aliyefungua kinywa. "Naam, Maharaja," alisema taratibu. Kisha mmoja upande wa wanawake akaitikia naye, na mwingine, ingawa hakuna aliyekuwa ameomba kitu.

"Atmaram," aliita Indumati bila kugeuka. Hakuwahi kumwita kwa jina mbele za watu. "Wali uko motoni. Kapunguze moto."

Atmaram aliinuka. Hakupata viatu vyake, akatoka peku, akakimbia kwenye mvua hadi mkahawani. Wali ulikuwa umeanza kushika chini. Alipunguza moto, akafunua kifuniko, akafunika tena. Hakujua kama arudi, wala hakuwa ametumwa kurudi. Kando ya jiko palikuwa na dagaa kamba waliooshwa, nazi iliyokunwa, na kokamu kwenye bakuli, vyote vikingoja mtu. Akavuta kibao, akakaa chini, mikono juu ya magoti, mlangoni giza likianza kuingia na hakuna aliyewasha taa.

Kutoka hekaluni, kupitia mvua, sauti za watu wote, wanaume kwa wanawake, zikaja kwa pamoja. "Naam, Maharaja!" Atmaram alisikiliza kama zitarudia. Kisha akanyoosha mkono, akapunguza moto tena kidogo.